Upande wa Kushoto

Ukiishika padi yetu ya gemu leo, utadhani ilikuwa ya watu wawili waliogombana wakaigawana kwa kisu. Upande wa kushoto, mpira wa kile kijiti cha kumwendeshea mchezaji umelika ukabaki shimo dogo, kina chake ncha ya kidole gumba. Upande wa kulia, alama zote za vitufe zimefutika, vimebaki vyeupe kama meno. Shimo ni la mdogo wangu. Meno ni yangu.

Hatukugombana. Misuli yake ndiyo iliyogombana naye. Ilianza kumwacha akiwa darasa la sita, miguu kwanza, kisha mkono wa kulia, na alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa amebakiwa na kidole gumba cha kushoto, shingo, na mdomo usiojua kuchoka. Kwa hiyo tulicheza mtu mmoja kwa miili miwili. Yeye aliendesha. Mimi, nimejibana ubavuni mwa kiti chake cha magurudumu, niliruka, nilipiga, nilikinga, kila alipoamuru. Alijiita Dereva. Mimi aliniita Utingo.

"Utingo, ruka!"

"Nimeruka."

"Umeruka jana. Mimi nilisema sasa."

Nilikuwa natoka kazini saa kumi, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, vidole vikinuka wino, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshaitwa. Mama alipaza sauti kutoka jikoni, "Mwache mwenzio anywe hata maji!"

"Utingo hanywi maji gari likiwa barabarani, Mama."

Watu wa mbali tulioshindana nao mtandaoni hawakujua lolote. Waliona jina moja, wakamtukana mtu mmoja. Tukishindwa, kosa lilikuwa langu mara tisa kati ya kumi, maana amri hutoka kinywani, ikapita sikioni, ndipo ifike kidoleni, na adui hangoji safari yote hiyo. Dereva hakunilaumu hata siku moja. "Gari limepinduka," alisema, "abiria wote wazima. Twende tena."

Gemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya msafiri mmoja mwenye joho, anayevuka nchi nzima peke yake. Miezi miwili tulikuwa tumekwama kwenye daraja lililokatika katikati. Msafiri hukimbia, na kwenye ubao wa mwisho, wala si kabla wala si baada, sharti aruke. Kila jioni tulimtumbukiza bondeni, Dereva akicheka, mimi nikiomba radhi.

Mwanzoni mwa mvua, kampuni iliyotengeneza mashine yetu ilitangaza kwamba kizazi kipya cha mashine kinakuja, ikawatumia wachezaji dodoso: Unataka nini? Huko kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni vita vikazuka. Dereva alinisomea kila jioni kama mtu asomaye magazeti. Mmoja alitaka picha kali hadi aone jasho kwenye pua ya adui. Mwingine akamjibu kwamba picha zilizopo zinatosha, anayetaka zaidi akapime macho. Huyo mwenyewe alitaka mashine isiyonguruma kama ya kusaga nafaka. Wengine walidai gemu zao za zamani zikubalike kwenye mashine mpya, wasilazimishwe kuzika walichokusanya miaka kumi. Wengine walitaka diski zibaki, kwa kuwa kitu usichoweza kukishika si chako.

"Na sisi tunataka nini?" nikamuuliza, simu mkononi, tayari kumwandikia.

Dodoso lilikuwa na mambo kumi, uchague matatu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku: Mengineyo, herufi mia moja. Hakuchagua hata moja kati ya yale kumi. Alikaa na kile kisanduku siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Andika: Nataka kushindwa kwa makosa yangu mwenyewe."

Niliandika. Zaidi ya nusu ya nafasi ilibaki wazi.

"Ongeza kitu," nikamwambia.

"Imetosha. Tuma."

Nikatuma. Nilijiambia kwamba sikuumia. Lakini jioni ile niliviangalia vidole vyangu kama mtu awaonavyo watumishi waliofukuzwa kazi bila kuambiwa.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita fundi. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu yanayofuata hayanipendezi.

Alikuwa fundi redio wa mtaa wa nyuma, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja na mizani ndogo ya jikoni aliyoiazima kwa mkewe, akaiweka chini ya kidole cha Dereva. "Bonyeza, bwana mkubwa." Sindano ikasogea hadi gramu arobaini, ikasita, ikarudi. Kisha akaiegesha mizani shavuni, kisha kidevuni, akiandika kwenye kiganja chake.

"Shavu lako lina nguvu kuliko kidole," akasema.

"Ndilo pekee linalofanya mazoezi, Fundi."

Mpango wake ulikuwa huu: kibao kitakachofungwa kwenye kiti, chenye vitufe vikubwa vya kengele za mlangoni, viwili vya mashavu na kimoja cha kidevu, waya wake uingie kwenye padi yetu ileile. Kidole gumba kingebaki na kijiti chake. Kichwa kingefanya kazi yangu. Alihitaji springi laini sana. Nilimletea bahasha nzima ya springi za kalamu zilizokwisha wino, nilizozikusanya dukani wiki mbili. Nilizikusanya kwa moyo mmoja. Hilo nalo likumbukwe.

Jumatatu moja fundi akanipigia simu nikiwa kazini. "Kibao kiko tayari, dada. Pita ukichukue."

"Kesho," nikasema.

Kesho ilinyesha. Keshokutwa kulikuwa na foleni ya wanafunzi wenye vyeti vya kunakili. Siku iliyofuata haikunyesha wala hapakuwa na foleni, nami nikapita njia ya mbali ili nisione mlango wa fundi. Dereva aliniuliza mara moja tu, siku ya pili: "Fundi anasemaje?"

"Kuna kifaa bado anakisubiri."

"Haya. Shika nafasi yako, Utingo."

Nikaishika. Nilikaa ubavuni mwake, bega langu likilisikia bega lake lilivyokonda, nikangoja aseme ruka. Nani mwingine duniani aliyeningoja hivyo, hata sekunde moja ya kuchelewa kwangu ikawa habari? Nilitaka siku chache zaidi. Niliona ni haki yangu. Akiba ya siku zake sikuiwaza hata kidogo. Nilidhani yangu ndiyo niliyokuwa nikiitumia.

Hakuuliza tena, nami nikashukuru.

Siku ya kumi na moja kifua kilimbana. Daktari alisema mapafu yamejaa, na misuli ya kukohoa haipo. Siku ya kumi na tatu, asubuhi, muuguzi alitutoa wodini mimi na Mama, na tuliporudishwa ndani kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia.

Wiki tatu baada ya maziko, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Kampuni ilimshukuru kwa maoni yake, ikamwonyesha matokeo. Picha kali zaidi ziliongoza. Zikafuata kasi, gemu za zamani, mashine isiyo na kelele. Mwisho kabisa: Mengineyo, asilimia mbili. Nikaitazama ile mbili mpaka mteja akagonga meza akitaka nakala zake. Ndugu yangu yumo humo ndani, niliwaza, amebanana na watu wasiojulikana walitaka nini.

Siku hiyo nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa fundi.

Alinipa kiti, akapunguza sauti ya redio aliyokuwa akiitengeneza. Kibao kilikuwa kwenye rafu, ndani ya mfuko wa nailoni, kimeanza kushika vumbi kwa nje.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa, Fundi."

"Kilikuwa tayari tangu Jumatatu ile."

"Najua."

"Nilikupigia."

"Najua. Nilikuwa..." Nikatafuta mvua, nikatafuta foleni, nikakuta ghala la uongo halina hata punje.

Aliupangusa mfuko taratibu kwa ncha ya shati, bila kunitazama. "Ulipokawia, siku ya nne nikampigia mwenyewe. Nilitaka nimpelekee, ni hatua mbili tu toka hapa."

"Akasemaje?"

"Akakataa. Akasema, 'Mwache kwanza, Fundi. Bado anacheza.'"

Nilikibeba kibao kifuani njia nzima. Siku ya nne. Ndiyo maana hakuuliza tena. Kumbe ule ukimya nilioushukuru, yeye ndiye aliyenipa. Nikazikumbuka siku saba zilizofuata. Nilikuwa nikichelewa kama kawaida, pengine kuliko kawaida, naye alikuwa na neno jipya alilolisema kila msafiri alipotumbukia bondeni: "Leo umecheza vizuri." Nilidhani nimekuwa hodari.

Nyumbani jua lilikuwa bado dirishani. Kiti chake kilikuwa pale kilipokuwa, nami sikukaa juu yake. Nilipiga magoti mahali pangu, ubavuni, nikaunganisha waya kwenye padi, nikaiwasha mashine. Ikanguruma, ikamleta msafiri. Alikuwa darajani, pale tulipomwacha, joho likipepea kwa upepo usiokoma.

Nikaegemeza kidevu kwenye kitufe cha kengele. Kikazama kwa wepesi wa kope. Springi ile sikuisikia hata kidogo. Msafiri akaruka, papo hapo, bila amri, bila safari ya kinywani wala sikioni.

Mama alikuja akasimama mlangoni akijipangusa mikono. Tangu msiba hakuwa amekanyaga chumba kile. Alitazama kwa muda mrefu kioo cha televisheni.

"Mbona hasogei?" akauliza.

"Upande huo sikuwahi kujifunza."

Mama akaegemea mlango. Hakuingia, wala hakuondoka. Padi ilikuwa mapajani mwangu, na kidole gumba changu kilielea juu ya lile shimo dogo la mpira, karibu kabisa, bila kuligusa. Nikainamisha tena kidevu. Msafiri akaruka juu, akatua palepale, vumbi likamzunguka miguuni, uso wake ukiwa bado umeelekea ng'ambo.