Barvinok ya Tekla

Tekla Hnatyshyn alipatwa na kiharusi katikati ya Kwaresima, theluji ikiwa bado imelala mitaroni. Upande wake wote wa kulia ulikufa ganzi, na ulimi ukabakiwa na sauti moja tu: "ta." Ukimwuliza kama ana njaa, "ta." Ukimwuliza kama anaumwa, "ta." Naye alikuwa mwanamke ambaye akiita kuku wake kisimani, sisi wa upande wa kanisa tulimsikia.

Mwanawe Zenoviy aliacha kazi ya ujenzi huko Poland akarudi mara moja. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono isiyojua kutulia. Alikisogeza kitanda cha mama yake hadi dirishani, ili aone watu wakipita. Lakini alichokiona Tekla kila alipofumbua macho ni mti wa jozi uliopandwa na baba mkwe wake, na chini yake barvinok, mmea wa kutambaa usiopukutika majani.

Kila nyumba kijijini kwetu ina barvinok kidogo, ila ya Tekla ilikuwa kitu kingine. Chini ya mti wa jozi nyasi hazitaki kuota, maua hayataki. Kivuli ni kizito na majani yanayodondoka yana ukali. Barvinok ilipapenda. Ilitambaa kutoka shinani hadi ukutani kama zulia, majani madogo magumu yanayong'aa hata chini ya theluji, na masika ikija, maua ya buluu. Tekla aliilea kwa vidole. Kitawi kilichotambaa hadi njiani alikirudisha, akakibana udongoni kwa kijiti chenye panda mpaka kifundo chake kitoe mizizi. Majani ya jozi aliyaokota yasije yakaifunika ikaoza. Bibi harusi yeyote aliyetaka shada la kichwani lenye majani mazito alikwenda kuomba kwa Tekla, na sasa mjukuu wake mwenyewe, Solomiya, alikuwa anaolewa Septemba.

Mwezi wa Mei mti wa jozi ulivaa majani, chumba kikaingia giza.

"Mama, humu ndani kama pango la dubu," alisema Zenoviy. "Daktari amesema upate jua, na mti huu ndio unaokunyima. Niuondoe?"

"Ta!" Tekla alipiga ubao wa kitanda kwa mkono wake wa kushoto. "Ta! Ta! Ta!"

Zenoviy akacheka kwa furaha. Tangu arudi hakuwa amemwona na nguvu kiasi kile. "Basi, basi, Mama, nimesikia. Usijichoshe. Kesho hiyohiyo."

Kesho yake alitoa msumeno wa mashine. Jirani yao Hafia alikuja mbio, mikono ina unga.

"Wewe Zenko, umeota nini? Jozi zote zile!"

"Mama kaomba mwenyewe, shangazi."

"Kaomba vipi, na hasemi?"

"Macho ya mama yangu nayajua tangu nikiwa tumboni mwake."

"Tumboni ulikuwa gizani, bwege wee," alisema Hafia. Lakini aliishia hapo. Mti ni wao, na mama ni wake. Tena chumba kilikuwa na giza kweli.

Mti ulianguka upande wa barabara, nyumba ikatikisika. Mwanga ukaingia ndani wote kwa mpigo, ukafika mpaka kwenye sanamu takatifu za ukutani. Zenoviy aliingia na vumbi la mbao nywelini, akamkuta mama yake analia, machozi yanaingia masikioni. Akapiga magoti naye akalia.

"Umeona, Mama? Jua lako hilo."

Akaubusu ule mkono uliokufa.

Mwaka huo Juni mvua haikunyesha, na Julai ikawa kama mdomo wa tanuri. Majani ya barvinok yalipauka kwanza. Kisha yakaungua kingo, kisha yakajikunja. Zenoviy aliona, na kwa kuwa alijua shada la binti yake linatoka pale, hakukaa bure. Adhuhuri, jua likiwa utosini, aliimwagia maji baridi ya kisima kwa mpira. Ikazidi kupauka. Akasema udongo umechoka, akaitilia samadi mbichi ya kuku. Wiki ile sehemu ya katikati ikawa kahawia.

Yote hayo aliyafanya mbele ya dirisha. Tekla alimtazama akiburuta mpira, alimtazama akibeba ndoo. Mwanzoni alipiga ubao, na kila alipopiga Zenoviy aliacha kazi akaja kumgeuza, akamnywesha maji, akamwuliza kama mto umemkaa vibaya, halafu akarudi palepale na ndoo yake. Baadaye Tekla aliacha kupiga. Alifumba macho tu. Naye Zenoviy, akidhani amelala, alinyata asimwamshe.

Mwisho wa Julai Solomiya alikuja kutoka mji wa Ternopil, anakofanya kazi katika duka la dawa. Hakufika hata mlangoni. Alisimama bustanini na begi lake begani.

"Baba! Ni nini hiki?"

"Ukame, mwanangu. Nahangaika nayo kila siku."

"Na mti uko wapi?"

"Bibi yako alitaka jua."

Solomiya aliingia ndani, akaketi kitandani, akaushika mkono mzima wa bibi yake. "Bibi, nitakuuliza. Kama ndiyo, nibane. Kama siyo, uache mkono hivyohivyo. Umenielewa?"

Tekla akambana.

"Ulimwambia Baba aukate mti?"

Mkono ukabaki umelegea.

"Ulikuwa unamkataza?"

Tekla alimbana mpaka pete ya uchumba ikamwingia Solomiya kidoleni, na hakumwachia. Zenoviy alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka, akaenda kukaa juu ya kisiki, mgongo kwa dirisha, na hapo alikaa mpaka Hafia akaja kumwita ale.

"Zenko, njoo. Ulifanya kwa kumpenda."

"Ndiyo maana," alisema Zenoviy. "Ningefanya kwa ubaya, ungenizuia."

Alichimbia vigingi, akatandaza mashuka juu kutengeneza kivuli. Alizoa samadi kwa mikono. Alimwagilia jioni, kidogokidogo, kama alivyofanya mama yake. Lakini ilipofika sikukuu ya kubariki matufaha, mwezi wa Agosti, kilichokuwa hai kando ya ukuta kingetosha tu kumfunga kuku mguu.

Barvinok ya shada ilitoka kwa Hafia, nyembamba, yenye majani machache. Wanawake waliishonea chumbani kwa Tekla, wakipaka asali na kubandika vipande vya karatasi ya dhahabu, huku wakiimba. Walimpa Tekla jani moja naye apake. Lilimponyoka, likanasa kwenye blanketi. Wakampa jingine, nalo likaanguka. La tatu hakuna aliyempa. Ulipofika ubeti ambao huimbwa na mama wa nyumba, wote walinyamaza, wakatazama sakafuni, mpaka Hafia akauimba kwa niaba yake, kwa sauti ya chini.

Jumamosi ya harusi Solomiya alipiga magoti kando ya kitanda apate baraka. Mama yake alikuwa amefariki zamani, hivyo bibi ndiye aliyekuwa wa kubariki. Zenoviy aliuinua mkono wa Tekla, akauweka juu ya shada, akaushikilia hapo, maana peke yake usingefika. Kisha kodiani na ngoma zikaanza nje, na baba wa bibi harusi ilimpasa kwenda na watu.

Hafia alibaki. Alimwinua Tekla kwa mito miwili, na kwa vile dirisha sasa lilikuwa wazi kabisa, waliuona msafara wote: farasi, vitambaa, watoto wakikimbia pembeni, hadi ulipopinda kwenye kinu cha kusagia nafaka. Walisikiliza ngoma ikififia.

"Sasa watakuwa wamefika kanisani," alisema Hafia. Akachukua plamu bakulini, akaitoa kokwa, akaanza kumlisha kidogokidogo.