Tabo ya Mkwe wa Mama Rosina

Moshi wa bluu ulitangulia kuingia gereji, gari jekundu likafuata nyuma yake. Ottilia aliweka spana chini na kuvuta pumzi.

"Imekufa tena, mama," alisema Mansuetus kabla hajashuka.

Iliyokufa ni tabo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa zaidi. Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la kizamani, la milango miwili. Daktari mmoja wa misheni, alipokuwa akirudi nchini kwao, alimwuzia Mansuetus. Mansuetus alikuwa mmoja wa vijana walioinuka tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, na kijana akiinuka pale Mbinga, hakubali kuinuka kimyakimya. Tabo ikiwa nzima, gari liliruka milima. Ikifa, lilipanda likihema na kupitwa na baiskeli.

Ottilia alikwisha kuifufua mara mbili. Mara ya kwanza alichongesha bushi mpya za shaba, zile pete zinazoshikilia mhimili wa feni, kwenye karakana ya misheni. Mara ya pili aliiboresha kuliko ilivyotoka kiwandani, akaiwekea bomba nene zaidi la oili. Bado ilikufa.

"Mama, nakuheshimu sana," Mansuetus alisema akitazama viatu vyake. "Lakini ikifa tena, nitaipeleka Songea."

Maneno hayo yalimchoma. Tangu mumewe afariki na kumwachia gereji, mafundi wa stendi walikuwa wakisubiri ashindwe, tena bila kujificha. Gari lile jekundu ndilo lililomtangaza. Likienda Songea, wenye malori nao wangelifuata, naye angerudi mlimani kulima ngoro, yale mashamba ya mashimo, za shemeji yake na kuambiwa pole kila Jumapili baada ya misa. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa.

Alipoifungua tabo, alikuta oili imeungua ndani ya bushi ikawa masizi magumu. Bomba lilikuwa safi na pampu ya oili ilikuwa na nguvu. Alichongesha bushi nyingine, akaulaza ule mhimili, shafti, juu ya nyembe mbili na kuuzungusha kwa kidole mpaka ukakubali kutulia popote, bila upande mmoja kuelemea chini. Kisha akaifunga tabo mahali pake na kuvua ovaroli.

"Safari hii tunakwenda wote," alimwambia Mansuetus.

Waliteremka mpaka Mbamba Bay, kwenye duka la Mansuetus, na kwenda kote huko gari halikuwa na neno. Wakati wa kurudi, Mansuetus alikanyaga mafuta kuanzia mguu wa mlima mpaka juu kabisa, tabo ikipiga mluzi, naye akitabasamu peke yake. Mlima ulipoishia palikuwa na nyumba, na nje ya nyumba mama mmoja, Mama Rosina, akipepeta maharage. Mansuetus alizima injini magurudumu hayajasimama vizuri, akashuka, akavua kofia na kuchuchumaa mbali kidogo na yule mama.

"Shikamoo, mama."

Ottilia alibaki kwenye gari. Alisikia kitu kikitatarika chini ya boneti, kisha akanusa oili inayoungua. Hakusubiri. Alinyoosha mkono akawasha gari, na ngurumo ikamfunika Mama Rosina katikati ya marahaba yake.

Mansuetus aligeuka, uso umemshuka. "Mama Ottilia, huyu ni mkwe wangu."

"Na hiyo ni tabo yako. Imepanda mlima mzima, sasa ni nyekundu kama kaa. Ukizima ghafla, pampu inaacha kuipelekea oili, na ile iliyobaki inaungulia ndani. Iache injini ingurume polepole kwanza, muda wa kumaliza kikombe cha chai."

"Nimngurumishie mkwe gari usoni? Afadhali niende kwa miguu."

Ottilia alitaka kukasirika, lakini alishindwa. Nani angemlaumu kijana kwa kuwa na adabu? Tabo ilipopoa aliizima injini, akamwendea Mama Rosina, akapiga magoti. Aliamkia, akaomba radhi kwa kelele, akaeleza yote.

"Kwa hiyo heshima ya mwanangu ndiyo inayoua gari," alisema Mama Rosina.

"Na gereji yangu, mama."

Mama Rosina alipepeta kidogo, akafikiri. "Mimi nikilisikia linapanda, hutoka nje mapema makusudi. Najua ana haraka, sitaki anisubiri." Akacheka taratibu. "Basi kuanzia leo nikilisikia, nitaingia ndani. Asiyeniona atamsalimia nani? Likinyamaza, nitatoka."

Ikawa hivyo. Msimu wa kahawa ukaisha, tabo ikiwa nzima. Wapita njia walizoea kuliona gari jekundu likinguruma taratibu mbele ya kiti kitupu, kijana akisubiri ndani yake, na nyuma ya mlango ulioegeshwa mama wa watu amekaa ametulia, ungo mapajani.

Asubuhi moja Ottilia alikuta lori limeegeshwa mbele ya gereji. Dereva wake, Hyasinti, alikuwa ametoka nalo Songea, na tabo yake ilikuwa imekufa mara ya tatu.

"Huko wamebadilisha kila kitu," alisema. "Nimeambiwa kuna mama Mbinga anaziweza."

Ottilia alilitazama lori lile, na moyo wake ukajaa. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akavuta kigoda, akakaa.

"Kabla sijafungua chochote, niambie," alisema. "Ukimaliza kupanda mlima, huwa unamsalimia nani?"