Waandishi Wanakuja Nshamba Kuonja Rubisi

Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa, wakubwa wa Muleba waliamua kwamba rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama, ni mvinyo, na inafaa kutiwa kwenye chupa na kuuzwa mjini. Wakaalika waandishi wa magazeti waje Nshamba kuionja. Mimi nilialikwa kwa sababu nilikuwa nikiandika ukurasa wa akina mama katika gazeti dogo la Bukoba na nina diploma ya mapishi.

Aliyekuwa na haja kuliko wote ni Ta Aristides, mkuu wa wakamuaji wa kijiji. Afisa aliyetumwa na wakubwa wa Muleba alimwambia waziwazi: waandishi wakisifu, kikundi chako kitapata kibali cha kuuza mjini. Wasiposifu, endeleeni kukamulia harusi zenu.

Mkutano wa kuonja ulipangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi Land Rover ikatokea imejaa waandishi. Kesho yake gari lilihitajika kwingine, basi afisa akausogeza mkutano bila kumwambia mtu. Nilimkuta Ta Aristides kando ya mtumbwi wa kukamulia, miguu yake bado ina povu na majani. Walikuwa wamemaliza kukanyaga ndizi muda uleule. Ndani ya mtumbwi hamkuwa na rubisi. Mlikuwa na omuramba, maji matamu ya ndizi ambayo kwetu hupewa watoto. Unga wa mtama ulikuwa haujatiwa, wala maji hayajalala hadi kesho yachachuke.

"Waambie warudi kesho," nikasema.

"Waitu, Mama Celina! Mgeni aondoke kwangu na koo kavu? Na kibali je?"

"Basi waambie ni omuramba."

"Wewe andika mapishi yako. Wageni niachie mimi."

Kwetu mkamuaji huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo kila mgeni apewe kibuyu chake. Ta Aristides akavuta mrija, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu aliyepigwa kofi.

"Hii," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mnywe mmekaa."

Wakakaa.

Bingwa wao alikuwa Rugambwa, mzaliwa wa Rubafu aliyekuwa akiandikia gazeti la Dar es Salaam. Aliwahi kupelekwa Ulaya kwenye mafunzo, akatembezwa mashamba ya zabibu, na hakuacha mtu asahau. Alikinusa kibuyu, akavuta, akatazama angani.

"Ina moto," akatangaza. "Inakuja taratibu, halafu inakukamata hapa." Akashika kisogo. Wenzake wote wakashika visogo.

Bashiri, mwandishi wa Bukoba mjini, aliweka kibuyu chake chini. "Mimi Mwislamu, Mama Celina. Nitawatazama tu." Nikamnong'oneza ukweli. Akaonja, akanikazia macho, akamaliza chote na kuomba kingine.

"Bashiri!" Rugambwa akapiga kelele. "Leo umekufuru!"

"Mungu ananijua," Bashiri akajibu, akijipangusa mdomo.

Kabla ya adhuhuri Rugambwa alikuwa amemkumbatia afisa na kumwita mjomba. Mwingine alilia akimtaja marehemu mama yake. Afisa mwenyewe alikataa kushuka ngazi za baraza mpaka ashikwe mkono. Ta Aristides aling'aa kama bwana harusi.

Niliandika kwamba tulikunywa maji ya ndizi. Mhariri akaifuta sentensi hiyo. "Watu wanataka habari, mama." Magazeti mengine yaliandika juu ya mvinyo mkali wa Nshamba unaoangusha wanaume.

Jibu la Muleba lilikuwa fupi: kinywaji kinachoangusha wanaume kabla ya saa sita hakifai katika taifa linalojenga. Ukamuaji umesimamishwa. Afisa alikuja mwenyewe kusema hayo, nami nikaja kusikia.

"Lakini si waliisifu?" Ta Aristides akauliza.

"Waliisifu mno. Hata mimi nilikuwepo, mzee. Kichwa kiliniuma hadi Jumapili."

Ta Aristides akasimama palepale. Akisema kweli, amewadanganya wageni wa serikali. Akinyamaza, biashara imekufa. Mimi sina subira na mambo hayo.

"Ndugu Afisa," nikasema, "ile ilikuwa omuramba. Binti yangu huinywa kabla ya kwenda shule."

Afisa aliangalia viatu vyake. Nadhani alikuwa akikumbuka zile ngazi.

"Rugambwa anajua?"

"Hajui."

"Asijue." Akakohoa. "Kama ni maji tu, sioni sababu ya kuzuia."

Kibali kikatoka upesi ajabu: kikundi cha Ta Aristides kinaruhusiwa kuuza mjini maji ya ndizi yasiyo na kilevi hata kidogo. Mzee alifurahi, mpaka alipokumbuka kwamba lori hupakia leo na kufika Bukoba kesho, na omuramba haijui kusoma kibali. Ikilala njiani kwenye joto, inachachuka yenyewe.

Alitaka kuacha. Nikamwambia apakie.

Siku ya kwanza foleni ilianzia sokoni ikafika barabara kuu. Wakaletwa polisi kuituliza. Wakasoma kibali, wakaona kinywaji hakina kilevi, nao wakanywa wakiwa kazini.