Kopo Kwenye Friji ya Soda

Pashku aliingia dukani kwa Romin na sindano yake mfukoni mwa aproni, kama kila asubuhi tangu friji ya zahanati ilipokufa. Akaiendea friji ya soda, akapeleka mkono rafu ya chini. Mkono ukagonga chupa. Kopo lake la insulini halikuwepo.

"Romin, dawa yangu umeihamishia wapi?"

Mpwa wake aliendelea kufuta kaunta iliyokwisha kung'aa. Aliyejibu ni kijana mwenye koti jekundu la kampuni ya soda.

"Friji ni yetu, mama. Humu inakaa soda tu. Jana nilikuta kopo la kahawa lenye vichupa, nikalitia kwenye takataka."

"Takataka ziko wapi?"

"Nilizichoma, shangazi," Romin alisema. "Sikujua limo. Haki ya Mungu sikujua!"

"Mmechoma? Mmechoma dawa?"

Akaketi juu ya kreti. Mwaka jana barabara ilikatika, akakaa siku nane bila dawa, akakatwa vidole viwili vya mguu. Sasa sanduku la dawa la zahanati litakuja mwisho wa mwezi, na leo ni tarehe tisa. Tisa!

"Nipe maji."

"Wiki ya pili hii bomba halitoi, shangazi. Kuna soda."

Kijana wa kampuni naye alizaliwa kwenye milima hiyohiyo ya kina Pashku. Alichukua chupa, akaipangusa kwa mkono wa koti, akaiweka miguuni pa Pashku na kuinamisha kichwa. "Nimekosa, mama. Pokea."

Kwao radhi huombwa hivyo. Ukinywa, umesamehe. Usipokunywa, kesi ipo, na kijiji kizima kitajua.

"Onja tu, shangazi," Romin alinong'ona. "Kampuni itatunyang'anya friji."

Pashku alimkodolea macho. Jamani! Wamechoma dawa ya sukari, halafu wanamwomba radhi kwa sukari! Akaifungua chupa, akamsogezea kijana.

"Anza wewe."

Kijana alirudi nyuma. "Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Nina sukari. Mwaka wa tatu huu."

Romin aliacha kufuta. Pashku aliirudisha chupa miguuni pake.

"Na dawa yako unaiweka wapi?"

"Mjini, nyumbani. Kwenye friji."

"Basi nenda kailete tugawane. Chupa yako itakungoja."

Kijana alitoka bila kuinua kichwa. Gari likanguruma, likateremka mlima. Kama atarudi, Pashku hakujua. Alilivuta kreti hadi kwenye friji, akaegemeza mgongo mlangoni.

Jirani mmoja akaingia na mishumaa mkononi; kwao mgonjwa huombewa kwa mishumaa na soda. "Romin, nipe mbili za baridi. Nakwenda kumwombea mgonjwa."

"Hazitoki," Pashku alisema. "Mgonjwa niko hapa."