Marahaba Iliyofika kwa Wote

Jumanne ya tarehe kumi na nne Oktoba, siku ambayo nchi nzima ilikuwa mapumzikoni, ndiyo siku mambo ya Gervas yalipoharibika. Asubuhi ile bomba la kijiji lilikohoa mara moja, likatema kutu, likanyamaza. Mkewe Leonia akaigonga ndoo chini, akasema wakubwa wamekwenda kula sikukuu na maji yao. Kisha akaichukua ndoo hiyohiyo akashuka bondeni, kama walivyokuwa wakishuka mama zake kabla bomba halijaletwa. Njia ya bondeni kutoka huku juu Mkunya si ya kuitwa njia. Ni mawe yaliyosimamishwa. Leonia aliteleza wakati wa kupanda, ndoo ikiwa kichwani. Wakamleta nyumbani kwa machela ya miti, na siku ya tatu wakamzika.

Tangu hapo Gervas alikuwa na swali moja tu, nani alifunga maji, na swali lenyewe halikuwa lake peke yake. Kwa Wamakonde mke hubaki mtu wa kwao hata azae watoto kumi. Alphonce, kaka wa marehemu, alisimama kwenye matanga mbele ya watu wote.

"Shemeji," akasema, "dada yetu tulikukabidhi mzima. Bondeni alifuata nini, na sisi tunaambiwa huku mna bomba?"

"Maji yalifungwa, shemeji."

"Na nani?"

Gervas akawageukia majirani zake, nao wakatazama chini.

"Basi tutakusubiri," Alphonce akasema. "Mpaka utakapotuletea huyo mtu, sisi tutajua uliyemtuma bondeni ni wewe."

Baada ya arobaini Gervas alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisi ya jumuiya ya watumia maji. Katibu aliitwa Barnaba, mtu wa kuja, amehamia kutoka mikoa ya bara, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata.

"Pole sana, mzee wangu," katibu akasema bila kusimama. "Ila siku hizi hatujibu maswali mlangoni. Maswali yote yanaulizwa barazani, tunayajibu kwa uwazi."

"Baraza linakaa lini?"

"Halikai, mzee. Liko kwenye kompyuta. Nenda ghala la korosho, Mama Nurdin atakuelekeza."

Gervas alitoka akitema mate. Alisoma mpaka darasa la nne, lakini wakubwa aliwajua. Ukienda ofisini wako mkutanoni, ukienda mkutanoni wako safarini, na sasa wamepata pa kujificha pengine, ndani ya kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilitoka Masasi ikiwa imefungwa gunia, ikawekwa kwenye chumba cha nyuma cha ghala, mahali panaponuka korosho na vumbi. Aliyeitunza ni Faudhia, mama yake Nurdin, mjane aliyewahi kuwa karani, ambaye mdomo wake uliogopwa hata na wapima korosho. Alipoiwasha, Gervas akarudi nyuma.

"Mbona nyeusi? Imekufa?"

"Haijafa, Baba Flora. Ndivyo ilivyo. Maandishi matupu."

"Hata picha moja?"

"Huku kwetu mtandao unapanda mlima ukihema. Picha zinakwama njiani, maneno yanafika."

"Mbona watu wana wasapu?"

"Kundi la wasapu tulikuwa nalo. Watu wakatukanana mpaka katibu akajitoa. Hapa kila neno linakaa na jina la mwenyewe." Akabonyeza, mistari myeupe ikapangana. "Haya ni mabaraza. Hili la korosho, hili la shule, hili la maji. Kwanza ujiunge na la maji."

Gervas akavua kofia, akaivaa tena. "Nijiunge? Mimi nijiunge na waliomuua mke wangu?"

"Kujiunga hapa si kula kiapo. Ni kusema, nifungulieni mlango huu nisome. Usipojiunga huoni kitu."

"Kadi yake?"

"Haina kadi."

"Ada?"

"Haina ada."

"Hapo ndipo unaponipoteza, Mama Nurdin. Kitu cha wakubwa, kisicho na ada?"

"Jiunge, mwanamume, mimi nina kazi!"

Akajiunga. Mama Nurdin akamwonyesha mshale wa kushuka na mshale wa kupanda, akamwonyesha jinsi ya kufungua ujumbe na jinsi ya kuujibu, akatoka kwenda kugombana na watu wa mizani. Gervas akabaki peke yake, anafuatisha herufi kwa kidole kama mtu anayetoa mwiba. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Shikamooni wazee wetu. Koki ya kwetu inavuja." Wa pili: "Shikamooni. Naomba kujua mgawo wa maji wiki hii." Wote walianza hivyo, maana watu wa huku wana adabu hata wakiwa na hasira.

Aliporudi, Mama Nurdin alimkuta ameloa jasho.

"Umeandika nini?"

"Nimeitikia."

"Umeitikia nani?"

"Wote. Nimewaandikia marahaba."

Mama Nurdin akainama kwenye kioo, akashika kichwa. "Yesu wenu na Mtume wetu! Sasa kila mtu akifungua baraza anakuta Marahaba, Gervas. Marahaba, Gervas. Marahaba, Gervas. Kama mbuzi aliyeachwa zizini!"

"Watoto wa watu wananiamkia, ninyamaze?"

"Hawakukuamkia wewe!"

"Wamesema wazee. Mimi ni nani, kijana?"

Mama Nurdin akacheka mpaka akakaa kwenye gunia.

Siku ya pili mambo yalizidi kuchanganyika. Gervas alifungua baraza la maji akakuta ni tupu. Ujumbe wa koki haupo. Wa mgawo haupo.

"Nilijua!" akapiga meza. "Wamefuta! Wameona nasoma, wamefuta!"

"Hakuna aliyefuta. Ujumbe ukishausoma unajificha, ili uone mpya tu."

"Unajificha wapi?"

"Humo humo."

"Kwa amri ya nani?"

"Baba Flora, ni mashine. Haina amri ya mtu."

Hilo Gervas hakulikubali, na mpaka leo halijamwingia. Amekula chumvi nyingi, na hajaona kitu kinachoondolewa mbele ya macho ya mtu pasipo mkubwa aliyesema kiondolewe. Mama Nurdin akabonyeza herufi moja, na ujumbe wote ukarudi, pamoja na zile marahaba zake. Naye akazidi kuwa na wasiwasi. Kama wanaweza kuurudisha, basi waliuchukua.

Lakini aliuliza swali lake. Lilimchukua asubuhi nzima. "Mimi Gervas baba Flora. Tarehe 14 Oktoba nani alifunga maji." Kabla hajalituma, Mama Nurdin alimshika mkono.

"Sikiliza vizuri. Herufi R ni ya kumnong'oneza mtu mmoja. Jibu linakwenda kwenye sanduku lake la barua, basi. Herufi F ni ya kusimama katikati ya baraza na kusema kila mtu asikie. Umenielewa?"

Gervas akaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia mbele ya daktari.

Katibu Barnaba alijibu barazani: "Mzee wetu, poleni na msiba. Siku hiyo mashine ya maji ilipata hitilafu ya kiufundi. Tunaomba uvumilivu." Gervas aliyakariri maneno hayo njia nzima ili yasimwagike, akayafikisha kwa Alphonce. Alphonce alikuwa anakausha korosho uani. Hata hakuacha kuzigeuza.

"Hitilafu," akasema. "Ni mtoto wa nani huyo? Nyumba yake iko wapi?"

"Shemeji, ndivyo walivyoandika."

"Mimi nilikuambia ulete mtu. Wewe umeniletea neno."

Gervas akarudi ghalani akiwa amevunjika. Akakuta jambo jipya: juu ya kioo, nje ya mabaraza yote, palikuwa na mstari unaosema ana barua. Akaifungua akidhani ni wakubwa wanamtaka aache kuuliza.

"Shikamoo baba. Mimi ni Yohana ninayewasha mashine ya maji. Nimeona swali lako barazani. Mashine haikuharibika siku ile. Asubuhi niliiwasha na maji yalipanda vizuri. Nikapigiwa simu nifunge koki ya kijijini mpaka jioni, ile koki nyingine niiache wazi. Nikafunga. Mama Flora akipita alikuwa ananipa mihogo. Usingizi umenikimbia baba. Naomba hili liwe lako na langu."

Gervas akaisoma, akarudia kwa kidole. Alitaka kumlaani yule kijana, lakini ile mihogo ikamzuia, maana alikumbuka Leonia akichagua minene na kuiweka pembeni bila kusema ni ya nani. Kisha akaiona ile shikamoo imekaa pale juu, inasubiri. Hasira au si hasira, kijana amekuamkia. Mama Nurdin alikuwa nje kwenye mizani, sauti yake inasikika. Gervas akatafuta herufi ya kujibu. Zilikuwa mbili, hilo alilikumbuka. Moja ya kunong'ona, moja ya kusimama. Akabonyeza F.

Kompyuta yenyewe ikanakili maneno ya Yohana chini, yote, kila mstari na kialama chake mbele. Gervas akaona ni adabu tu, kama mtu anayerudia uliyosema kabla ya kukujibu. Juu yake akaandika: "Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kuniambia. Hili nitakaa nalo kifuani." Akatuma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatoka ghalani akipiga mluzi.

Jumapili baada ya misa Yohana alitokea uani kwake. Lile rundo la funguo lililokuwa likilia kiunoni mwake kila aendako halikuwapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Yohana hakukaa. "Baba, mimi niliandika kwako."

"Nami nimekujibu."

"Umelijibu baraza zima."

"Nani? Mimi? Nilisema nitakaa nalo kifuani!"

"Ndiyo. Na hilo wamelisoma. Newala mjini wamelisoma, Lulindi wamelisoma. Na maneno yangu yote yako chini yake, na jina langu."

Gervas akatazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Barua ilikuwa kwenye sanduku langu. Imetokaje sandukuni?"

"Umeitoa wewe."

"Mimi nimeitikia tu, Yohana! Umeniamkia, nimekuitikia!"

"Katibu amechukua funguo. Amesema nisikanyage tena kwenye mashine."

"Amekufukuza wewe uliyesema? Aliyepiga simu je?"

Yohana akapapasa kiuno chake kisicho na funguo.

"Nani alikupigia?" Gervas akasogea karibu. "Nitajie jina. Alphonce ananisubiri. Bila jina, mimi kwa watu wale ndiye niliyemuua."

"Nikikutajia, baba, utakwenda kuandika marahaba."

Hakulisema kwa kucheka. Gervas alikuwa na maneno mengi ya kuwaambia wakubwa, aliyokusanya miaka, lakini kijana huyu asiye na funguo hakuwa mkubwa. Akaingia ndani akatoka na mihogo, akamwekea kwenye mfuko. Yohana akaupokea kwa mikono miwili.

"Angalau niambie ile koki nyingine," Gervas akasema. "Ile uliyoambiwa uiache. Inapeleka wapi?"

"Sijui, baba. Nakuapia. Bomba lake lilifukiwa kabla mimi sijaajiriwa. Mimi nilionyeshwa mahali pa kushika tu."

Jumatatu Gervas alikwenda ghalani na Alphonce nyuma yake, maana maneno ya barazani yalikwishafika hadi kwake. Mama Nurdin hakufanya mzaha siku hiyo. Aliwasha kompyuta, akasogeza kiti.

"Nikuandikie mimi, Baba Flora?"

"Hapana. Nionyeshe tu ile ya kusimama."

Akamwonyesha F. Alphonce akakaa juu ya gunia la korosho, fimbo katikati ya magoti, akimtazama shemeji yake anavyowinda herufi mojamoja. Walipotuma, jibu la kwanza lilikuja upesi, la mama mmoja wa Mkunya aitwaye Anjelina: "Na mimi nauliza hilohilo." Likaja la mtu aitwaye Pili, wa kitongoji cha jirani, naye anauliza hilohilo. Wakaja wengine. Mama Nurdin alikuwa akibonyeza, mistari inashuka, wote wanaongeza sauti kwenye swali na hakuna anayelijibu. Katibu hakuandika. Mwenyekiti wa jumuiya hakuandika.

"Labda limejificha," Gervas akasema. "Labda wamelisoma, likajificha."

"Halijajificha. Hilo hapo."

"Basi kwa nini hawajibu?"

Alphonce akainuka kwenye gunia, akaja kusimama nyuma ya kiti. Macho yake hayakuwa mazuri, hivyo akaweka mkono begani kwa Gervas na kumwambia amsomee alichoandika, polepole, ili akawaeleze wa nyumbani. Wiki kadhaa zimepita sasa, mvua zimeanza kujaza visima, na ukilifungua baraza la maji bado utalikuta swali hilo kama Gervas alivyolisoma siku ile kwa sauti, kidole kikifuata:

"Mimi Gervas. Yohana msimguse, kidole kilikuwa changu. Siku ile mashine iliwaka na maji yalipanda. Yalikwenda kwa nani?"