Watoto wa Kuazima

Wageni kutoka ofisi inayotufadhili wakija, sisi huazima watoto. Nalisema lilivyo, maana nimechoka kusikia watu wakilipamba. Kituo chetu kinatakiwa kiwe na watoto arobaini waliokosa shule, na arobaini hao tunao kweli, ila siku yoyote utakayoingia, nusu yao wanaokota vyuma chakavu, wanalea wadogo zao, au wamelala na homa. Ofisini hawataki habari za homa. Wakikuta mabenchi matupu watafunga kituo, na hata wale wanaokuja watakosa pa kwenda. Basi asubuhi ya wageni Mwalimu hupita mlango kwa mlango kuomba watoto wa watu kama anayeomba chumvi, na mimi huvuta gunia la mashati ya bluu chini ya meza na kuyakung'uta mende.

Mimi ni mpika uji. Watoto wananiita Mama Mwiko, na wanajua kwa nini.

Darasa letu ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea. Akiwasha mashine yake Mwalimu hunyamaza. Akiizima, wanaendelea pale pale walipoishia. Upande wa pili wa ukuta kuna bomba la maji la mtaa mzima, na hapo bombani ndipo alipokuwa akishinda Chiriku.

Chiriku aliachwa yatima akachukuliwa na shangazi yake, dobi mmoja ambaye mikono yake imebabuka kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Alimlisha, akamvika, akampa ndoo. Simsemi vibaya. Mtu anayefulia nyumba zote hizi hawezi kufua akachota na maji peke yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa hivi, mwembamba, na mdomo wake ulikuwa haupumziki; ndiyo maana tukamwita hivyo. Foleni ikiwa ndefu, aliegemea ukuta wetu, na wenzake wakisoma kwa sauti ndani, yeye alisoma nao nje.

"Mbuzi amekula kamba. Kamba ni ya ndoo. Ndoo imezama. Nani atachota maji?"

Kitabu chetu ni hicho kimoja, nakala chache zilizochakaa, na watoto hukiimba toka jalada hadi jalada, wakimaliza wanaanza upya. Maji yakikatika, Chiriku alihama bombani akaja kuning'inia dirishani, akitazama picha kila ukurasa ulipofunuliwa, hadi nimfukuze kwa kuogopa asianguke.

Alitaka kuingia. Nani asiyejua? Alimwambia kila mtu, hata fundi aliyeziba masikio kwa pamba. Alimwomba shangazi yake mpaka mama wa watu akachoka.

Asubuhi ile tulipokwenda kumwazima, dobi hakuinua hata uso kutoka kwenye beseni.

"Mchukueni, Mwalimu. Lakini leo nataka neno la mwisho. Hao wageni wenyewe wakisema mtoto ana akili, ataanza kuja kila siku, na maji nitachota mwenyewe, mgongo ukikatika ukatike. Wakisema hana, basi, asinipigie tena kelele. Mtu mmoja ninaye, nisimpoteze kwa kitu kisichokuwepo."

"Akili anayo, dada yangu," Mwalimu akasema.

"Tutaona. Wewe unamsifia kwa sababu una shida ya vichwa."

Chiriku alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka akiwa ameshanawa uso.

Mgeni alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kijana wake wa kupiga picha. Mwalimu alikuwa amewapanga watoto wa kuazima nyuma, wetu mbele, kama siku zote. Lakini Chiriku hukai naye ukamficha. Alikuwa ameinama mbele mpaka benchi likamnyanyukia nyuma, na mgeni akacheka.

"Wewe binti unayetaka kuanguka, njoo utusomee."

Mwalimu alifungua mdomo, na mtoto akawa ameshafika. Akapokea kitabu kwa mikono miwili. Akamtazama mbuzi pale kwenye picha, akavuta pumzi, akaanza. Jamani, ile sauti! Nimesikia watoto wengi wakisoma mlangoni mwangu, wanakwama, wanajikuna, wanatafuta neno darini. Huyu alitiririka. Alipofika kwenye ile ndoo iliyozama akashusha sauti kama anayeomboleza ndoo yake mwenyewe. Kidole alikipitisha chini ya mstari kama alivyoona wenzake wakifanya, ila kilifika ukingoni mwa ukurasa mapema, kikakaa hapo kuisubiri sauti. Mimi nilikiona. Mwalimu naye alikiona.

Mgeni akafunua katikati, penye picha ya kuku juu ya paa. Chiriku akasoma kuku. Akafunua mwisho, penye mzee na taa. Akasoma taa yote, na swali la chini la zoezi akalisoma vilevile. Mgeni akavua miwani, akaifuta.

"Mwalimu, mtoto huyu ameshaiva. Mnamkalisha hapa kwa nini? Nafasi yake apewe ambaye hajui. Huyu aende shule kubwa, na asianzie mwanzo, aingie darasa la tatu."

Najua alichokuwa akikipima Mwalimu. Akisema kweli, lile shati ni la kuazima, na la jirani yake ni la kuazima, na benchi lote la nyuma ni la kuazima. Jioni hiyo hiyo mlango unatiwa kufuli. Akanyamaza. Mimi mdomo wangu hauna adabu hiyo.

"Mama," nikasema, "huyo amekariri. Anakisikia kitabu kila siku ukutani. Herufi hata moja haijui. Mwacheni hapa hapa aanze mwanzo."

Mgeni aliniangalia, akauangalia na mwiko.

"Mama mpishi, ni ninyi mnaowarudisha watoto nyuma. Mtoto wa maskini akifanya vizuri, lazima iwe hila?"

Hata Chiriku aliniangalia kama niliyeipiga teke ndoo yake ya maji. Nilikuwa namtetea, naye akaona namchongea, na hilo liliniuma kuliko maneno ya yule mama. Kijana akampiga picha, kitabu kifuani, meno yote nje.

Dobi alipopata habari alitoka na povu mikononi akapiga vigelegele njia nzima. Alitangaza kwa kila nyumba anayoifulia. Alinunua viatu vya plastiki, vikubwa kidogo, ili vidumu. Mwalimu alimfuata mtoto jioni mbili tatu na kipande cha ubao, amfundishe angalau kuandika jina, lakini kazi ya mwaka haifanyiki kwa jioni tatu, na mtoto alikuwa na usingizi wa kuchota maji. Isitoshe alikuwa na furaha mno. Alimwambia Mwalimu asihangaike, yeye anajua kusoma, wageni wamesema.

Shule kubwa walimwita mbele siku ya kwanza aandike jina lake. Haya nilisimuliwa na mtoto wa jirani aliyekuwepo. Alisimama na chaki muda mrefu. Kisha akaugeukia umati ule wa darasa, akaanza kwa sauti yake nzuri: mbuzi amekula kamba. Walicheka hata mwalimu wao akashindwa kuwanyamazisha. Wiki haikuisha, dobi akaitwa na kuambiwa mtoto wake hajui hata a.

Alikuja kwetu na lile shati la bluu, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri.

"Mlisema ana akili."

"Anayo," Mwalimu akasema, na machozi yakamtoka.

"Basi imeangukia wapi njiani, tukaiokote?"

Mwalimu akapiga simu ofisini pale pale, akaweka sauti ya juu tusikie sote. Wakasema huyo ameshahitimu. Kituo ni cha wasiojua kusoma, na mtoto hahitimu mara mbili. Mwalimu akakata simu, akamwambia dobi amlete tu hivyo hivyo, bila kuandikishwa.

"Kwa kificho?" dobi akauliza. "Na wageni wakija mtamficha wapi, na uso wanaujua? Hapana, Mwalimu. Mtaa mzima unanicheka. Nilitaka neno la mwisho, nimelipata."

Akaweka shati mezani pangu, karibu na sufuria, akaenda zake.

Chiriku akarudi bombani. Viatu hakuvaa tena. Watoto walisoma ndani na yeye alisimama kimya nje, ndoo chini ya mfereji, akiangalia maji yanavyopanda. Mimi nilimpelekea kikombe cha uji kila siku. Alikunywa, akasema asante, basi. Nilitamani anitukane.

Juzi wageni walikuja tena, wakatuletea picha kubwa ya karatasi ngumu, wakaigongomea mlangoni mwa darasa. Ni yeye, kitabu kifuani, meno yote nje. Chini yake wameandika maneno makubwa mekundu. Walipoondoka nikamwona amesimama mbele ya picha, ndoo mkononi.

"Mama Mwiko, hapa chini wameandikaje?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini huyu mtoto tumeshamdanganya vya kutosha.

"Wameandika, 'Sasa najua kusoma.'"

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaweka kidole chini ya maneno, akayarudia kwa ile sauti yake, na kidole kikafika mwisho kabla ya sauti. Safari hii alikiona mwenyewe. Akakirudisha mwanzo, akakaa nacho hapo.

"Hapa ni wapi, Mama Mwiko? Ni 'sasa' au ni 'kusoma'?"

Nilikuwa nanyoosha mkono nimwonyeshe, shangazi yake akaita kwa hasira kwamba nguo zimekauka na sabuni. Chiriku akachukua ndoo yake akakimbia.