Kamba za Dobi, Nguzo za Samahani

Mtaa mzima ulimwita Samahani, maana hata mbuzi akimzibia njia alimwomba radhi kwanza ndipo apite. Mkewe alikuwa dobi, na mdomo wa mkewe, jamani, uliwatosha wote wawili. Kamba zake za kuanikia zilijaa kiwanja cha pembeni mwa nyumba yao. Zamani palikuwa pori la nyoka. Alilifyeka mwenyewe, akasimika nguzo kwa saruji, akajenga banda la kupigia pasi. Watoto wao wote walisomeshwa na mashuka yaliyokauka pale.

Mwenye hati ya kiwanja hicho alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Hakukanyaga pale hata kwa bahati mbaya, mpaka bei za viwanja zilipopanda, akawataka wahame. Badala ya kufungasha, dobi alimshika mumewe mkono wakaenda kwa wakili.

Wakili akawaeleza. Ukikaa kwenye ardhi ya mtu waziwazi, mfululizo, kwa muda wote uliowekwa na sheria, bila ruhusa yake na bila yeye kukushtaki, unaweza kuiomba mahakama ikutambue wewe kuwa mmiliki. Mpima atakuja kuweka alama, tangazo litabandikwa, mwenye hati ataitwa ajitetee.

"Ila kama aliwaruhusu, basi nyinyi ni wageni wake," akasema, "na mgeni hata akae vipi, nyumba haiwi yake. Kuna aliyeomba ruhusa?"

Dobi akacheka. Yeye aombe ruhusa ya kufyeka nyoka? Samahani naye akacheka, ila jasho lilimtoka mpaka kisigino. Kwa sababu yeye aliomba. Siku ile ile ya kusimika nguzo alivaa shati lake zuri, akaenda kimyakimya hadi kwenye ghala la mbao. Ndivyo alivyolelewa, angefanyaje? Wakili ameuliza nani aliomba, naye aliomba; kwake hilo tu lilitosha kuiua kesi. Alijiona ndiye atakayemnyang'anya mkewe kazi, kwa adabu zake zisizo na kiasi.

Siku ya hakimu kukagua kiwanja ikafika. Hakimu akapita ameinama chini ya mashuka, akazigonga nguzo, akawahoji majirani, nao wakasema tangu wahamie wanamwona dobi tu. Samahani alikwishakata shauri: akiulizwa atasema kweli, liwalo na liwe. Lakini mwenye mbao akamtangulia.

"Mheshimiwa, hawa ni wavamizi, na wanajua," alisema huku akimnyooshea Samahani kidole. "Huyu alikuja ghalani kwangu kwa miguu yake kuniomba ruhusa."

Wakili akafumba macho. Dobi akamgeukia mumewe polepole, na Samahani akatamani ardhi ile ile wanayoigombea immeze.

Hakimu akaacha kuandika. "Ukamjibu nini?"

"Nilimfukuza! Nikamwambia nikikuta hata kijiti, nawashtaki."

"Ukawashtaki?"

Mwenye mbao akakohoa, akasema biashara zilimsonga.

Wakili akafumbua macho, tena kwa furaha. Hakuna ruhusa, mwenyewe anajua, na hakushtaki: yote yametoka kinywani mwa mwenye mali, bila kusukumwa. Mdomo huponza kichwa, wahenga hawakukosea.

Hukumu ilipotoka, hati ikaamriwa iandikwe jina la dobi. Alipiga vigelegele kuanzia mahakamani mpaka nyumbani. Halafu, wakiwa wanaanua nguo, akanyamaza ghafla, jambo lisilo la kawaida.

"Alikufukuza, na hukuniambia. Kwa nini?"

Samahani alikunja shuka kwanza. Alisema alirudi siku ile ameazimia kumwambia azing'oe nguzo. Akamkuta peke yake anakoroga saruji, tope mpaka viwikoni, anaimba.

"Sikuweza," akasema. "Nikaona nikushikie nguzo."

Dobi alimtazama mtu wake huyu kana kwamba ameletewa mpya. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa shuka la mteja.

"Kumbe mbishi wa nyumba hii ni wewe."

"Samahani," akasema mumewe, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa anaomba radhi hata kidogo.